PUPA MBILI ZA MSITU WA ARABUKO-SOKOKE

Wahenga walinena kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu. Lakini huko Gede wapo watu wanaokula tamu kwa sababu ya pupa. Usishangae mpenzi msomaji, fuatana nami hatua kwa hatua nikueleze.

Muhula uliopita sisi wanafunzi wa Biolojia na Jiografia, Kidato cha Tatu, tulizuru msitu wa Arabuko-Sokoke, ulioko Kaunti ya Kilifi, upande wa kusini wa mji wa Malindi. Msitu huu una ukubwa wa kilomita mraba 420 hivi. Ndio mkubwa kuliko misitu yote mikavu ya pwani iliyobaki Afrika Mashariki.

Jambo la kwanza tulilofunzwa ni kwamba ndani ya msitu huu mmoja mna misitu mitatu. Upande wa mashariki, karibu na bahari, mvua ni nyingi kidogo na miti ni ya kila namna, ukiwemo mbambakofi ambao mbao zake hutengenezewa milango ya fahari. Katikati kuna mchanga mweupe usio na rutuba, na hapo humea mirihi. Miti hiyo imeachana-achana hata jua linafika chini. Upande wa magharibi udongo ni mwekundu na vichaka vimeshikana kabisa, kupita ni taabu. Huko ndiko anakokaa bundi wa Sokoke, ndege mdogo wa sentimita 16 hivi, yaani nusu ya rula yako tu. Vichaka vile vikikatwa vyote, yeye hana pa kuhamia hata kama mirihi imebaki.

Pili, tulielezwa maana ya mfumo wa ikolojia. Darasani nilidhani ni maneno ya kukariri ya mtihani tu. Kumbe ni kama jamaa wanaoishi nyumba moja na kutegemeana. Chukua mfano wa sange, mnyama mwenye pua ndefu kama mkonga na makalio ya rangi ya dhahabu. Yeye hupekua majani makavu yaliyoanguka akitafuta wadudu. Majani hayo ni chakula cha mchwa na wadudu wengine, nao huyarudisha udongoni yakawa mbolea ya miti. Sange naye huliwa na nyoka na ndege wakubwa. Sasa mtu akikata miti, majani hayaanguki. Majani yasipoanguka, wadudu hupungua, sange hukosa chakula, na udongo hubaki mtupu. Umekata mti mmoja, lakini umegusa jamaa wote wa nyumba ile.

Hapo ndipo mwenzetu mmoja, ambaye kwao ni kandokando ya msitu, aliponyosha mkono. "Afande," akamwambia askari wa msitu aliyekuwa akituongoza, "ndovu wakivuka usiku wakala mahindi ya mama, huyo sange atanilipia karo?" Wengine tulicheka, lakini afande hakucheka. Alisema, "Kijana wangu, hilo ndilo swali lenyewe." Akatueleza kuhusu ua wa umeme uliowekwa kuzuia ndovu, kisha akatupeleka Gede tukajionee jibu.

Huko Gede kwenye magofu kuna Mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka wa 1993 na ulio chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Arabuko-Sokoke ina zaidi ya aina 250 za vipepeo. Wakulima wenye ruhusa huwanasa vipepeo wachache msituni, wengine kwa mtego wenye ndizi mbivu zilizooza, na kuwaweka katika kibanda cha wavu. Jike hutaga mayai kwenye majani, mayai huanguliwa yakatoka viwavi, navyo hula majani usiku na mchana. Baada ya wiki chache kiwavi hujifunga na kuwa pupa. Hii ndiyo pupa niliyoitaja! Mkulima huzipeleka Gede, zikahesabiwa, kisha zikasafirishwa haraka kwa ndege hadi Ulaya na Marekani kabla hazijapasuka. Huko kuna nyumba za vioo ambamo watu hulipa kiingilio ili waone vipepeo wakiruka. Kwa kuwa kipepeo haishi siku nyingi, wanunuzi huhitaji wengine kila mara.

Je, msitu una kazi gani hapo? Kazi kubwa. Kila aina ya kiwavi ina majani yake, ukiipa mengine haili. Isitoshe, mfugaji hana budi kurudi msituni mara kwa mara kutafuta vipepeo wapya, ili kizazi chake kisidhoofike. Msitu ukifa, biashara imekufa.

Basi pupa ni mbili. Ile ya tamaa hukata mti wa miaka mingi kwa siku moja, ukauzwa makaa, na pesa zikaisha. Ile ya kipepeo huleta kidogo kidogo, lakini mti unabaki umesimama. Vilevile wapo wanaofuga nyuki, na pesa za watalii zimewalipia wanafunzi wengi wa vijiji hivyo sehemu ya karo kupitia shirika la A Rocha Kenya.

Sisemi kwamba taabu zimekwisha. Si kila boma linafuga vipepeo, na aliyeliwa mahindi usiku mmoja ana haki ya kulalamika. Lakini nimeamini kwamba msitu haulindwi na bunduki ya afande peke yake. Hulindwa na jirani anayejua kwamba ukisimama yeye atakula kesho.

Wanafunzi wenzangu, nasi tuna la kufanya. Tuanze kitalu cha miche nyuma ya maabara. Tukiulizwa nyumbani msitu una faida gani, tuwe na jibu.