Mji Mdogo Uliosomea Mashamba Yetu

Wazee wetu walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Nami naongeza kwamba kutembea nako ni shule, maana liko jambo ambalo mtu hulisoma kitabuni miaka mingi asilielewe, hata siku atakapofika mahali lilipoanzia na kulitazama kwa macho yake. Jambo la namna hiyo lilinipata katika mji mdogo wa Ujerumani uitwao Witzenhausen. Hapana shaka wasomaji wengi hawajapata kulisikia jina la mji huo. Lakini mji huo ulilijua jina letu zamani sana, na mashamba yetu yalipigiwa hesabu humo bila babu zetu kuulizwa neno.

MJI WENYEWE

Witzenhausen uko katika jimbo la Hessen, karibu katikati ya Ujerumani, kando ya mto Werra. Msafiri atokaye mji wa Kassel hupanda garimoshi linaloelekea mashariki, akashukia kituo kilichoko ng'ambo ya kaskazini ya mto. Kutoka huko huuona mji bondeni: mapaa ya vigae vyekundu, mnara wa kanisa, daraja, na kila upande vilima vilivyovikwa misitu. Magharibi ni msitu wa Kaufungen, na kusini ni mlima Meissner wenye kimo cha meta 754. Mto Werra haukai. Huteremka hata ukakutana na mto Fulda, na mito hiyo miwili ikawa mmoja, nao ni Weser, uendao kumwaga maji yake katika Bahari ya Kaskazini.

Witzenhausen ulipewa haki za mji mwaka 1225. Katika vichochoro vyake zimesimama nyumba za kale ambazo Wajerumani wanazionea fahari kubwa. Mafundi wa zamani walisimamisha fremu za mbao nzito, katikati wakasuka fito, kisha wakakandika udongo uliochanganywa na majani makavu. Mtu wa kwetu akizitazama vizuri hatakosa kutambua kwamba hizo ni jamaa za nyumba zetu za fito na udongo. Tofauti ni kwamba wenyewe wamezitungia sheria za kuzilinda, na huziita urithi wa taifa. Zetu tuliambiwa ni ushenzi, na wengine wetu tukasadiki.

Chini ya misitu, katika miteremko ya vilima, yamepandwa mashamba ya cheri, matunda madogo mekundu ambayo yameupa mji sifa. Majira ya baridi yakiisha, miti hiyo hutoa maua meupe hata mtu akadhani mawingu yameteremka. Matunda huiva mwezi wa Juni na Julai, na watu hufanya sherehe na kumchagua msichana mmoja kuwa malkia wa cheri wa mwaka. Ni watu wapole, wakulima na wafanya kazi kama wakulima na wafanya kazi wa mahali popote. Mgeni husalimiwa njiani, na akipotea huelekezwa.

SHULE KATIKA NYUMBA YA WATAWA

Lakini sikwenda huko kwa ajili ya maua. Ndani ya mji huo iko nyumba kubwa ya kale, iliyokuwa makao ya watawa tangu karne ya 13. Humo, mwaka 1898, ilianzishwa Shule ya Kikoloni ya Kijerumani. Mwanzilishi na mkuu wake alikuwa Ernst Albert Fabarius, mchungaji aliyepata kulihudumia jeshi, naye aliiongoza shule hiyo hata alipofariki mwaka 1927. Kazi ya shule ilikuwa wazi: kuwatayarisha vijana wa Kijerumani waende ng'ambo kuwa wasimamizi na wenye mashamba katika makoloni.

Tukumbuke wakati ule hali ilivyokuwa. Mikutano ya Berlin ya mwaka 1884 na 1885 ilikuwa imekwisha kuwapa mabeberu kanuni za kugawana Afrika. Bara letu la Tanganyika, pamoja na Rwanda na Burundi, likaitwa Afrika ya Mashariki ya Wadachi. Mkonge ulikuwa umekwisha kuingia nchini. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza vikonyo 1,000 vya mkonge kutoka Florida, na vilivyofika vikiwa hai vilikuwa 62 tu. Kutokana na vikonyo hivyo 62 yakaota mashamba makubwa ya Tanga na kwingineko. Basi mtaji ulikuwapo, mbegu ilikuwapo, na ardhi ilikwisha kunyakuliwa. Waliokuwa wakitakiwa ni watu wa kusimamia.

Huko Witzenhausen vijana walifundishwa kwa bidii ambayo yafaa tuikiri. Walisoma udongo na mbolea, mimea na magonjwa yake, ufugaji na utunzaji wa bustani. Walijifunza useremala na uhunzi kwa mikono yao wenyewe, ili mtu akifika porini asishindwe na gurudumu lililovunjika wala mlango usiofungika. Karo yake haikuwa ya mtoto wa maskini. Mwaka 1908 ikaongezwa shule ya wasichana, ili wale mabwana wapate wake wanaojua kuendesha nyumba za kikoloni. Ilijengwa pia nyumba ya vioo yenye kutiwa joto, ambamo mimea ya nchi zetu ilikuzwa huku nje theluji ikianguka. Nao wanafunzi waliokwisha kutawanyika duniani walituma vitu vya wenyeji, vikakusanywa shuleni na kutazamwa na wale waliokuwa wakijiandaa kufuata.

Ndugu msomaji, hebu tufikiri. Kijana wa miaka 20 anakaa katika bonde tulivu, kengele ya kanisa inalia, maua ya cheri yanachanua, naye anajifunza namna ya kulitumia shamba ambalo hajaliona, la watu asiowajua. Anafundishwa aina ya udongo. Anafundishwa majira ya mvua. Hata habari za watu wa kufanya kazi hiyo zimo katika mafunzo yake, kama zilivyo habari za jembe na maksai. Lakini shule nzima ilijengwa juu ya swali moja ambalo lilikwisha kujibiwa kabla ya somo la kwanza: ardhi hii ni ya nani?

JIBU LA UMATUMBI

Swali hilo babu zetu walilijibu kwa namna yao. Mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ilianza mpango wa kulimisha pamba kwa nguvu katika sehemu za kusini. Watu walitolewa katika mashamba yao ya chakula wakapelekwa katika shamba la pamba, na malipo yake yalikuwa duni. Asiyekwenda alikutana na kiboko, maana hiyo ndiyo iliyokuwa enzi ya hamsa ishirini. Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, wananchi waliingia shambani wakang'oa miche ya pamba. Ndivyo vilivyoanza Vita vya Maji Maji, vita vilivyowaunganisha watu wa makabila mengi, na vilivyodumu hata mwaka 1907.

Wakoloni walijibu kwa bunduki, kisha kwa moto: wakachoma vijiji, maghala na mazao. Wataalamu wa historia hukadiria waliokufa kuwa kati ya 75,000 na 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa. Mwaka 1906, Nduna Songea Mbano alinyongwa katika mji ambao leo unaitwa kwa jina lake.

Sisemi kwamba kila kijana aliyesoma Witzenhausen alishika kiboko. Wako waliokwenda Amerika ya Kusini, na wako waliolima kwa jasho lao. Nisemalo ni kwamba elimu nzuri, ikijengwa juu ya dhuluma, huifanya dhuluma iwe hodari zaidi. Mjinga akinyakua shamba, huenda likamshinda akaliacha. Mjuzi akilinyakua, huliwekea mpaka, daftari na bei, na mwenyewe akaandikwa katika daftari hilo kuwa manamba.

Tena shule haikufa Ujerumani iliponyang'anywa makoloni baada ya vita vya 1914 hadi 1918. Iliendelea kufundisha. Na kuanzia mwaka 1925 Waingereza waliwaruhusu Wajerumani kurudi Tanganyika na kununua mashamba tena. Milango yake ilikuja kufungwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, baada ya kuwatumikia pia watawala wa Kinazi walioota ndoto ya kuirudia Afrika.

MPAKA ULIPOFIKA MLANGONI

Hapa ndipo historia inapofanya mzaha mchungu. Vita vilipokwisha mwaka 1945, Ujerumani iligawanywa na washindi, na mpaka wa Wamarekani na Warusi ukapita katika vilima vile vile vya Witzenhausen. Ikaonekana kwamba reli iliyokuwa ikitumiwa na Wamarekani inakata kipande kidogo cha upande wa Warusi. Basi tarehe 17 Septemba 1945, katika mji wa jirani wa Wanfried, majenerali wa pande mbili walipatana kubadilishana vijiji. Werleshausen na Neuseesen vikapelekwa upande wa Marekani, na vijiji kadhaa vya Hessen vikapelekwa upande wa Warusi. Wanavijiji hawakuulizwa. Walilala katika nchi moja, wakaamka katika nyingine.

Juu ya vilima hivyo ziko ngome mbili za kale zinazotazamana, Ludwigstein na Hanstein, na kati yake ulipita mpaka ambao baadaye ulitiwa ua wa waya na walinzi wa bunduki, hata ulipofunguliwa mwaka 1989. Leo Werleshausen na Neuseesen ni sehemu ya mji wa Witzenhausen. Mimi nilipokuwa nikitazama misitu ile iliyotulia, nilijisemea moyoni kwamba watu wa hapa, kuliko Wazungu wengine wengi, wana sababu ya kufahamu maana ya kukatiwa nchi na wageni waliokaa mezani. Sikusema hivyo kwa kufurahia msiba wa mtu. Msiba wa mkulima haubadiliki kwa rangi yake.

NYUMBA ILE ILE, KAZI NYINGINE

Mwaka 1957 nyumba ile ya watawa ilifunguliwa tena, safari hii kuwa chuo cha kilimo cha nchi za joto, na kuanzia mwaka 1971 elimu hiyo ikaingizwa katika chuo kikuu cha Kassel. Leo Witzenhausen ni makao ya kitivo cha kilimo cha asili, yaani kilimo kisichotegemea sumu na mbolea za viwandani, bali kinacholinda uhai wa udongo. Wanafunzi hutoka nchi nyingi za dunia, za Afrika zikiwamo. Mji wenyewe umeshika somo hilo: mwaka 1983 ulikuwa wa kwanza Ujerumani kuzipa nyumba pipa la peke yake la maganda na mabaki ya jikoni, ili yageuzwe kuwa mboji badala ya kutupwa jaani.

Niliingia katika nyumba ya vioo. Joto lilinipokea kama mtu aliyerudi kwao. Mkahawa ulikuwapo, mkakao ulikuwapo, na migomba ilikuwa imeinamisha majani yake chini ya kioo. Wanafunzi wa mataifa mbalimbali walipita wakiandika. Niliugusa udongo. Ulikuwa na unyevu, mweusi, wenye harufu ya shamba baada ya mvua. Nikafikiri: mimea ni ile ile, na elimu karibu ni ile ile. Kilichobadilika ni nani anayeruhusiwa kuingia na kuuliza maswali.

Mabadiliko hayo hayakuja yenyewe. Yaliletwa na waliokataa, tangu Nandete hata siku ya uhuru. Na tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha kwa maovu ya wakoloni wa nchi yake. Msamaha hauwafufui wafu, lakini neno lililonyamaziwa kwa zaidi ya miaka 100 limesemwa mbele ya wajukuu wao.

SWALI TULILORUDI NALO

Sasa limebaki letu. Ni rahisi kuulaumu mji wa Witzenhausen, na lawama yake ipo. Ni vigumu zaidi kujiuliza kama sisi, wenye ardhi hii, tunaisomea kwa bidii ile waliyoisomea wale waliotaka kuichukua. Wao waliacha joto la nyumba zao wakajifunza uhunzi ili waje kutuamuru. Je, ni vijana wetu wangapi wanaojifunza udongo wa kijiji chao wakaona fahari? Ni wazazi wangapi wanaomtisha mtoto mvivu kwa kumwambia kwamba akishindwa masomo atakuwa mkulima, kana kwamba kulima ni adhabu? Na huyo aliyekwisha kusoma, je, hurudi kumfundisha mwenzake, au hurudi kumsimamia kama yule bwana wa zamani?

Mfanya kazi wa mkonge aliyekata majani tangu alfajiri aliijua kazi ile kuliko msimamizi wake, lakini hakuandika. Mkulima wa Umatumbi aliujua udongo wake, lakini hakuulizwa. Kosa la shule ya kikoloni halikuwa kufundisha kilimo. Lilikuwa kufundisha kilimo kwa faida ya wachache dhidi ya wenye shamba. Basi dawa yake ni kufundisha zaidi, na kila mahali panapofundishwa, iwe ni chuo, ofisi au mkutano wa kijiji, swali lile liulizwe tangu siku ya kwanza: elimu hii ni kwa faida ya nani?

Garimoshi lilipoondoka jioni, vilima vilikuwa vimeanza kuingia giza na taa zilikuwa zikiwaka bondeni. Ni mji mzuri, wala sioni haya kusema hivyo. Lakini uzuri wa mji haumwambii mgeni kila kitu. Humpasa aulizie pia nyumba zake zilipata kufanya kazi gani.