Istilahi za Ubongo na Mwanafunzi wa Buhigwe

Utafiti wa ubongo umepiga hatua kubwa tangu Santiago Ramón y Cajal wa Hispania na Camillo Golgi wa Italia walipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1906 kwa kuchunguza muundo wa mfumo wa neva. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi, na chembe zake za neva hukadiriwa kuwa bilioni 86. Mtu ajifunzapo, kinachobadilika hasa ni nguvu ya mawasiliano baina ya chembe hizo. Eric Kandel wa Marekani, aliyelichunguza jambo hilo katika konokono wa baharini, alikuwa miongoni mwa waliopata tuzo hiyo mwaka 2000.

Je, mambo haya tuyaiteje? Jina la zamani, "mshipa wa fahamu", humfanya mwanafunzi adhani kuwa fahamu hutiririka kama damu. Kwa hiyo "neva" lafaa zaidi. Mahali chembe mbili zinapopashana habari paitwe "sinapsi". Neno "kiungo" lingeleta picha ya goti au kiwiko, hali katika sinapsi nyingi chembe hazigusani. Pana upenyo mwembamba unaovukwa na kemikali.

Shuleni nako yafaa tutofautishe maneno matatu. Kukariri ni kurudia maneno yale yale. Kudurusu ni kulipitia somo tena. Kukumbuka ni kulitoa kichwani bila kutazama daftari. Majaribio yameonyesha kuwa kujikumbusha hivyo, kwa vipindi vilivyoachana, hudumisha maarifa kuliko kusoma kwa mfululizo.

Wilayani Buhigwe, iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, watoto wengi huzungumza Kiha nyumbani, kisha hufundishwa kwa Kiswahili shuleni. Kumbukumbu ya muda mfupi hubeba mambo machache tu kwa wakati mmoja. Mtoto anayehangaika na neno hubakiwa na nafasi ndogo ya kulifikiri jambo lenyewe. Basi mwalimu alieleze kwanza jambo kwa kitu anachokijua mtoto, hata kwa Kiha ikibidi, ndipo ataje istilahi.

Nasi waundaji wa istilahi tuna wajibu wetu: kila neno tunalolipendekeza tulipime kwa picha litakayoijenga kichwani mwa mtoto huyo.