Friedrich Wilhelm von Seydlitz na Nidhamu ya Wapandafarasi wa Prusia, 1740–1762

Tarehe 10 Aprili 1741, katika mapigano ya Mollwitz huko Silesia, wapandafarasi wa Prusia walisambaratishwa na wenzao wa Austria. Ushindi wa siku hiyo uliletwa na askari wa miguu. Mchango wa Friedrich Wilhelm von Seydlitz (1721–1773) hauna budi kupimwa kwa kuzingatia udhaifu huo. Aghalabu husifiwa kwa ushujaa na umahiri wa kupanda farasi. Makala haya yanashikilia kwamba alichokiongeza hasa ni nidhamu ya baada ya shambulio.

Seydlitz, mzaliwa wa Kalkar, aliingia jeshini mwaka 1740, akatekwa mwaka 1742 na kurejeshwa kwa kubadilishana mateka. Baada ya mapigano ya Kolin, Juni 1757, alipewa cheo cha meja jenerali.

Tarehe 5 Novemba mwaka huohuo, huko Rossbach, Mfalme Friedrich II alimkabidhi skwadroni 38, ingawa walikuwapo majenerali waliomtangulia kwa cheo. Waprusia walikuwa takriban 22,000. Wafaransa na washirika wao, takriban 41,000. Seydlitz aliwavamia wapandafarasi wa adui wakiwa bado mwendoni, kabla hawajajipanga, akawavunja. Hapa ndipo kilipo kiini cha hoja. Wapandafarasi walioshinda walikuwa wepesi wa kutawanyika, wakifukuza wakimbizi na kutafuta nyara, wasionekane tena uwanjani. Yeye aliwakusanya watu wake bondeni karibu na Tagewerben, akawapanga upya, akangoja. Askari wa miguu wa adui walipoanza kuyumba kwa risasi na mizinga, aliwashambulia kutoka ubavuni. Prusia ilipoteza watu wapatao 550 tu, waliouawa na kujeruhiwa.

Kuhusu Zorndorf (25 Agosti 1758), dhidi ya Warusi, husimuliwa kwamba alikaidi amri ya mfalme ya kushambulia hadi wakati alioona unafaa, akijibu kuwa kichwa chake kingekuwa mikononi mwa mfalme baada ya mapigano. Masimulizi haya yana ladha ya ngano za kambini, na mtafiti asiyatumie kama ushahidi wa maneno yenyewe. Hata hivyo, yanaafikiana na mwenendo wa Rossbach: kote kuwili, kamanda anangoja.

Alijeruhiwa Kunersdorf mwaka 1759, akarejea vitani na kushiriki ushindi wa Freiberg, Oktoba 1762. Vita vilipokwisha alikuwa mkaguzi wa wapandafarasi wa Silesia, akisimamia mafunzo yao.