Kijana wako anataka kukimbia hadi kilele cha Kilimanjaro?

Wiki iliyopita mzazi mmoja hapa Singida aliniambia kijana wake, hodari wa mbio, anataka kukimbia hadi kilele cha Kilimanjaro peke yake. "Ana pumzi, daktari. Kuna ubaya gani?"

Mzazi mwenzangu, pumzi za mbio hazikingi ugonjwa wa mwinuko. Mji wetu uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Uhuru ni mita 5,895, na oksijeni huko ni kama nusu ya ile ya pwani. Mwili unahitaji siku kadhaa kuzoea. Karl Egloff alipanda na kushuka kwa saa 6 na dakika 42 mwaka 2014, lakini yeye ni mwongoza wapanda milima kutoka Ecuador, nchi yenye milima mirefu kuliko wetu.

Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kichefuchefu na kukosa usingizi. Akianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kuhema hata akiwa amekaa, huenda ubongo umevimba au mapafu yanajaa maji. Ashuke mara moja, hata usiku. Hapo ndipo upweke unapoua: aliyechanganyikiwa hajui kuwa anaumwa.

Apande na kiongozi mwenye leseni, kama taratibu za hifadhi zinavyotaka. Akivuka mita 3,000, kila siku asilale zaidi ya mita 500 juu ya alipolala jana. Mwenye selimundu amwone daktari kwanza.

Mwambie kijana wako: kilele hakihami.