Picha ya Ukoo na Kiti cha Bibi

Krismasi inapowadia, barabara ya kwenda Same, Mwanga na Moshi hufurika watu wanaorejea makwao. Miongoni mwao wamo wafanyabiashara, wanafunzi, na watumishi wa Serikali ambao kazi imewapeleka mbali, wengine hadi Unguja na Pemba. Wako wanaopanda milimani, Usangi, Ugweno, Mamba na Suji. Wako wanaobaki tambarare, katika vijiji vya wavuvi kandokando ya bwawa la Nyumba ya Mungu. Kwa wengi hiyo ndiyo siku pekee katika mwaka ambayo wazee, watoto na wajukuu hukaa chini ya paa moja. Ndiyo pia siku ya kupiga picha ya ukoo.

Jambo hilo laweza kudhaniwa dogo. Sisi hatulioni hivyo. Picha hiyo itabaki ukutani hata wakati baadhi ya walioketi ndani yake hawapo tena, na mjukuu atakayezaliwa baadaye atamjua bibi yake kwa picha hiyo tu. Picha inayomwonyesha bibi kama kivuli pembeni, huku mwanawe mwenye cheo amekaa katikati, ni ushahidi wa uongo juu ya nyumba ile.

Wenzetu wa Visiwani hawahitaji kufundishwa thamani ya kazi hii. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, na studio za namna hiyo zilihifadhi sura za vizazi kadhaa. Fundi wa studio ndiye aliyepanga taa, pazia na viti. Leo kazi hiyo imehamia sebuleni, mikononi mwa kijana mwenye simu, lakini ufundi haukuhama pamoja nayo. Yafaa basi tuueleze.

La kwanza ni mwanga. Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960, lina mitambo ya umeme ya megawati 8. Lakini kwa picha ya mchana, dirisha lililo wazi huishinda taa. Mwezi wa Desemba jua hupita upande wa kusini wa Upare, kwa hiyo dirisha linalotazama kaskazini halipigwi na jua kutwa nzima, nalo huingiza mwanga mpole. Watu na walielekee dirisha. Mpiga picha alipe mgongo, akisimama pembeni kidogo asiwazibie. Wakilipa mgongo wao, nyuso zitakuwa giza. Penye madirisha madogo, mlango ufunguliwe. Kule bwawani, ambako jua ni kali, pazia jepesi jeupe hulainisha mwanga. Balbu ya juu izimwe, kwa maana hutia vivuli machoni, na mwanga wake wa manjano ukichanganyika na wa nje huzipa nyuso rangi mbili.

Flashi itumiwe kwa tahadhari. Aliye umbali wa mita 4 hupata robo tu ya mwanga anaoupata aliye mita 2. Ndiyo sababu mtoto wa mbele huwa mweupe kama karatasi na mjomba wa nyuma akamezwa na giza. Dawa yake ni kuzikaribisha safu, au, kwa kamera ambayo flashi yake hugeuzwa, kuielekeza kwenye dari nyeupe ili mwanga uwashukie wote. Nyumba isiyo na dari, ukuta mweupe ulio nyuma ya mpiga picha utafaa.

Kamera nayo ina udhaifu wake. Ikiona ukuta wa chokaa na mashati meupe ya sikukuu, hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza, na nyuso zetu zikapoteza sura. Kwa miaka mingi viwanda vya filamu za rangi vilipima rangi kwa picha za wanawake wa Kizungu. Tusiiendeleze dhuluma hiyo kwa uvivu wetu. Gusa kwenye kioo cha simu uso ulio mweusi kuliko zote, kisha ongeza mwanga mpaka uonekane vema. Shati likipauka kidogo si hasara.

La pili ni mpango wa kukaa. Wazee waketi vitini katikati, watoto mkekani mbele yao, watu wazima wasimame nyuma, mabega yakikaribiana. Vichwa visiwe mstari mmoja kama gwaride. Kila uso uonekane katika nafasi baina ya nyuso mbili za mbele yake. Kamera iwe kimo cha macho ya wazee walioketi. Kabla ya kupiga, wote wafumbe macho, wafumbue kwa hesabu ya tatu. Na picha zipigwe tano au zaidi, maana daima yuko atakayekonyeza.

Hapa tuna neno kwa watumishi wa Serikali. Ofisa aliyerejea nyumbani si mgeni rasmi. Kiti cha katikati ni cha bibi, hata kama mwanawe ni mkurugenzi. Tuna neno pia kwa kila mwenye nyumba: akina mama na mabinti walio jikoni waitwe kabla ya picha kupigwa. Ni aibu kwamba waliopika sikukuu ndio wanaokosekana katika kumbukumbu yake. Na kwa kuwa koo nyingi za Upare zina Wakristo na Waislamu, shangazi mwenye buibui na mjomba mwenye kofia wana nafasi yao katika picha hiyo, kama ndugu zao watakavyokuwa na nafasi siku ya Idi.

Mwisho, picha isiachwe ndani ya simu, kwani simu huibiwa na huharibika. Isafishwe kwenye karatasi, na nyuma yake yaandikwe kwa penseli majina ya wote, mahali na mwaka. Kazi hiyo ifanywe wakati bibi angali yupo wa kuyataja majina hayo.