Ligombo Mbele ya Kompyuta

Kila ala ya muziki ina mambo mawili: mtetemo wa hewa, ambao fizikia huweza kuupima, na maana ambayo watu wameipa kwa kuitumia. Kompyuta hushughulika na jambo la kwanza tu. Katika studio ndogo za Mbeya na Iringa, ambamo nyimbo za kwaya na za vijana hurekodiwa kwa kinanda cha umeme kilichounganishwa na kompyuta, tofauti hiyo si ndogo. Mtayarishaji atakaye sauti ya asili hubonyeza kitufe, naye hupewa ile ambayo watu wa mbali walikwisha kumchagulia.

Yafaa ieleweke uchaguzi huo ulifanyikaje. Mwaka 1957 Max Mathews, mhandisi wa maabara za Bell huko Marekani, aliiandikia kompyuta programu ya kutunga sauti kwa namba. Mwaka 1983 watengenezaji wa vinanda walikubaliana juu ya lugha moja ya mawasiliano, iitwayo MIDI. Lugha hiyo haibebi sauti, bali maagizo: kitufe kipi kimebonyezwa, kwa nguvu gani, na kimeachwa lini. Mwaka 1991 ikaongezwa orodha ya ala 128, ili namba moja ilete ala ileile katika kinanda chochote. Jamii ya piano peke yake ilipewa nafasi 8. Ala zilizoitwa za kikabila, za dunia nzima, nazo zikapewa nafasi 8: sitar ya India, koto ya Japani, na nyinginezo. Namba 109 ni kalimba.

Hata kalimba hiyo ina kisa chake. Hugh Tracey alianza kuitengeneza kwa ajili ya kuuza huko Afrika Kusini katika miaka ya 1950, akailinganisha na ngazi ya sauti ya Kizungu. Wagogo, majirani wa Wahehe upande wa kaskazini, huiita ala ya jamii hiyo ilimba, na sauti zake hufuata ngazi nyingine. Tuchukue sauti ya msingi yenye mitetemo 110 kwa sekunde. Vizidishe vyake, kuanzia cha nne hadi cha tisa, ni 440, 550, 660, 770, 880 na 990. Uimbaji wa Wagogo hujengwa juu ya uhusiano wa namba hizo. Kinanda hakina 770. Kitufe kilicho karibu nayo zaidi hutoa 784. Pengo hilo ni karibu theluthi moja ya nusu-toni, na sikio lililolelewa Ugogo hulitambua mara moja. Aidha, kwenye ilimba hutobolewa tundu na kubandikwa utando wa buibui ili sauti ivume kwa mkwaruzo. Fundi wa studio asiyejua jambo hilo huufuta mkwaruzo akidhani ni kasoro ya kinasa sauti.

Ligombo la Wahehe halimo kabisa katika orodha. Ni ubao uliochongwa kama hori. Uzi mmoja hupitishwa kwenda na kurudi juu yake, na kibuyu hukuza sauti. Mpigaji huimba huku akidonoa, na baadhi ya nyimbo zake husimulia habari za watawala wa Uhehe. Msikilizaji wa Iringa asikiapo ligombo hutarajia maneno, tena maneno mazito. Likiwekwa chini ya wimbo wa kucheza kama pambo, sauti ni ileile, lakini ahadi yake imevunjwa.

Huko Rungwe, Monica Wilson aliyefanya utafiti kati ya Wanyakyusa katika miaka ya 1930 aliandika jinsi ngoma zilivyopigwa mazikoni na wanaume wakacheza na mikuki yao. Katika MIDI ngoma zote huwekwa katika njia ya 10, kila moja ikiwa na kitufe chake, na hakuna namba inayosema ngoma hii ni ya msiba.

Si haki kuilaumu mashine kwa hayo yote. Neno kinanda lenyewe lilikuwa jina la ala ya nyuzi huko pwani kabla ya kupewa mashine ya vitufe. Ala hubadili maana, na vijana wana haki ya kuzibadili. Lakini wabadili wakijua. Tangu mwaka 1992 MIDI ina kanuni ya kuruhusu kila kitufe kulinganishwa upya, hivyo 770 inaweza kuingizwa pale palipokuwa na 784. Ligombo nalo laweza kunaswa waya kwa waya, sampuli 44,100 kwa sekunde, pamoja na mikwaruzo yake. Katika faili hilohilo kuna nafasi ya maandishi: aliyepiga ni nani, wapi, na wimbo ulikuwa wa shughuli gani. Rekodi alizozifanya Tracey huku nyanda za juu mwaka 1950 zimehifadhiwa Makhanda, Afrika Kusini, na zinaweza kupimwa. Maana ya kila wimbo, hata hivyo, itabidi aulizwe mpigaji mwenyewe, angali yupo.