Kidole Kilichoumia

Katika milima yetu ya Uluguru, tangu Mgeta wanakolima kabichi na karoti hata Kinole kwenye migomba, ni mkono unaolisha nyumba. Kidole nacho huumia kila siku: mundu huteleza, mtoto hubanwa na mlango, mama hujikwaruza kwa mbuzi ya nazi.

Damu ikitoka, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, uinue mkono, ukae hivyo dakika 10 pasipo kufunuafunua. Kisha osha kwa sabuni na maji ya kunywa yatiririkayo, mpaka udongo wote utoke. Maji ya kijito hayafai, ijapokuwa maangavu. Funga kwa kitambaa kilichofuliwa. Wako wazee watiao majivu, unga wa kahawa au mafuta ya taa. Nia yao ni njema, lakini majivu huingiza uchafu, na mafuta ya taa huunguza nyama.

Twaliogopa zaidi pepopunda. Vijidudu vyake hukaa miaka mingi katika udongo na mavi ya wanyama, tena husitawi katika tundu jembamba lenye kina, kama la mwiba au msumari. Basi jeraha lisilotoa damu nyingi lisidharauliwe. Ugonjwa huanza mara nyingi kati ya siku 3 na 21 baada ya kuumia, taya likikakamaa, na wengi huuawa nao. Kinga yake ni sindano. Watoto huchomwa kliniki wakiwa na wiki 6, 10 na 14, lakini nguvu yake hupungua. Aliyeumia kwa kitu kichafu, na miaka 5 imepita tangu sindano yake ya mwisho, na aende zahanati upesi, asingoje maumivu.

Pete ivuliwe mara moja, hata ya ndoa, kabla kidole hakijavimba. Ikikwama, paka sabuni. Kidole kilichobanwa kitiwe maji baridi. Kikipinda, kikishindwa kukunjika, kikifa ganzi, kikipwita usiku na kutoa usaha, au damu isipokoma, ni kazi ya mganga wa hospitali. Ncha ikikatika kabisa, ifunge katika kitambaa safi kilicholowa kidogo, uitie katika mfuko wa nailoni uliofungwa vema, uuweke mfuko juu ya barafu ikipatikana, wala barafu isiguse nyama, ukauchukue pamoja na mgonjwa.